Ini la Mkamua Ndizi

Kama wewe ni mwembamba na umeambiwa ini lako limejaa mafuta, ukacheka, basi tuko wawili. Mimi nilicheka mbele ya daktari mpaka nesi aliyekuwa anaandika akainua kichwa. Nina kilo arobaini na tisa. Ni fundi cherehani, nina chumba cha kushonea mjini Bukoba, naishi Kitendaguro, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimezungusha tepu kwenye viuno vya watu. Mafuta najua yanakokaa. Yanakaa kwa wenye maduka ya jumla, yanakaa kwa wasimamizi wa harusi, yanakaa kwa bibi harusi anayeniapia kwamba atapungua kabla ya siku yenyewe na hapungui. Kwangu hayajawahi kukaa hata wiki moja.

Naandika sasa kwa kuwa kile kipindi kibaya kimepita, au tuseme kimesogea pembeni kunipisha. Wapo wengine kwenye benchi nililokalia, wanaulizwa maswali niliyoulizwa, na hawana wa kuwaambia kwamba akili zao ni timamu. Ini linafanya kazi gani mwilini, hilo waulize wenye makoti meupe. Mimi nina habari za benchi, za tumbo, za ndugu, na za marehemu baba yangu. Baba atatufuata humu mpaka mwisho, kama alivyonifuata mimi, kwa hiyo nimemtaja mapema.

Ilianza msimu wa senene, ule wa kuelekea Krismasi. Mji mzima ulikuwa unanukia senene wa kukaangwa, na harufu ile, ambayo tangu utoto ilinitoa mate, ikawa inanifukuza ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikadhani ni malaria. Nikapima, hakuna. Kisha ukaja uchovu. Nilikuwa nasinzia juu ya cherehani mguu ukiwa bado kwenye pedali, na nikizinduka nakuta mshono umekwenda kombo mpaka mfukoni. Viganja vikaanza kuwasha, nikavikuna kwa ncha ya mkasi.

Kiuno ndicho kilichonitisha. Nina daftari la vipimo vya wateja, na ukurasa wangu umo, maana magauni yangu nashona mwenyewe. Inchi ishirini na tano, mwaka nenda mwaka rudi. Wakati wa kuchuma kahawa nilijipima nikapata ishirini na tisa. Mvua za vuli zilipoanza, thelathini na nne, na miguu na mikono imebaki vijiti vilevile. Wateja wakaanza kunipongeza. "Hongera Mama Neema, Mungu hamtupi mja wake." Nilikuwa na miaka arobaini na tano. Mmoja aliniletea kabisa kitambaa cha nguo za mtoto, akaniambia nisione haya.

Ni lazima nieleze pia wembamba ulivyo huku kwetu Kagera. Sisi wa rika langu tulikua tukizika. Tulizika wajomba, walimu, majirani, na wengi wao walianza kwa kukonda. Kwa hiyo mtu mwembamba huku hatazamwi hivihivi, na mimi nimetazamwa tangu usichana. Nimepima mara nyingi, na vyeti vya kwamba sina virusi vingetosha kushonea shati. Nilipoolewa, mama mkwe wangu, mwanamke mwema kuliko wengi niliowahi kuwaona, aliamua kuuondoa wembamba wangu kwa mkono wake. Kila Jumamosi aliniletea dumu la omuramba, yale maji matamu ya ndizi mbivu kabla hayajawa pombe, na kreti la soda halikukauka ndani. "Kunywa, mwana wange, upate damu." Nikanywa miaka kumi na tisa, kwa upendo kama nilivyopewa, na sikunenepa.

Kituo cha kwanza nilichokwenda kilikuwa cha mtu binafsi. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, wajawazito kulia na kushoto, nami na tumbo kama lao, wakanisogezea nafasi kwa heshima. Nilipoingia, kijana wa kupima akanipaka ile jeli ya baridi, akapitisha kifaa chake chini ya mbavu. Akapitisha tena.

"Mama, unakunywa pombe?"

"Sinywi."

"Hata rubisi?"

"Sinywi chochote. Nimelelewa Kilutheri, nyumba kali."

"Labda gongo kidogo, ukiwa na wenzako. Hapa ni siri, mama."

"Kijana wangu, sijawahi."

Akatabasamu, akaandika. Mimi nimezoea kusoma maandishi yaliyo kichwa chini, maana wateja hunionyesha karatasi za vipimo huku wamezishika upande wao. Aliandika kwa Kiingereza kwamba mgonjwa anakana kunywa. Hakuandika kwamba sinywi. Aliandika kwamba nakana.

Nilitoka nikasimama kwenye korido, karibu na ndoo ya kunawia, na hapo nikamsikia baba. Sisemi kwamba ilitoka sauti mahali. Nilisikia maneno yake kinywani mwangu mwenyewe, kwa uchovu uleule wa mtu aliyekwisha kujua kwamba haaminiwi. Nikashika ukuta, na mama mmoja mjamzito akanishika mkono akaniuliza kama uchungu umeanza.

Baba yangu, Kaijage, alikuwa mkamua ndizi. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Muleba mjini, mtu akitaka rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya harusi alimwita yeye. Ndizi zinaivishwa shimoni, zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa kuchonga, na mkamuaji anazikanyaga pamoja na nyasi mpaka maji yatoke. Hayo yakichujwa ndiyo omuramba, na hata watoto wanapewa. Pombe inakuja baadaye, unapotiwa mtama, mtumbwi ukafunikwa kwa majani ya migomba ukaachwa uchachuke. Baba aliondoka kabla mtama haujatiwa. Aliondoka na kikombe chake cha omuramba, na kingine aliniletea mimi. Watu wakimtania aonje mali yake ikishaiva, alikuwa na jibu moja: "Mimi naishia kwenye mtama."

Nani angemwamini? Walisema hawajaona muuza nyama asiyekula nyama. Nguo zake zilinuka ndizi zilizochacha, na kazi yenyewe kanisani ilikuwa inatazamwa kwa jicho la pembeni.

Alikuwa mwembamba kama mimi. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, tumbo lake likaanza kutangulia mbele peke yake. Macho yakawa ya manjano. Mikono ikatetemeka. Akawa analala mchana na kusahau majina. Jumapili moja alikuwa zamu ya kusoma neno. Alisimama mbele ya usharika mzima, akaanza vizuri, kisha akaacha, akakigeuza kitabu, akaanza kuzungumza na mama yetu, ambaye tulikuwa tumemzika miaka mitatu kabla. Akapepesuka, akakaa kwenye ngazi ya madhabahu. Nyuma yangu mtu akacheka.

Jumatatu akaja Mzee Ishengoma, mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Alimuuliza baba, baba akajibu kwamba anaishia kwenye mtama. Mzee Ishengoma akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kisha akaniita mimi pembeni, kwenye mibuni.

"Kemilembe, wewe unaishi nyumba moja naye. Anakunywa?"

Nilikuwa nimekwisha kuipekua nyumba. Nilikuwa nimetafuta chupa chini ya kitanda, darini, nyuma ya pipa la unga. Sikupata hata kizibo. Sikuwa nimewahi kumwona akinywa. Lakini nilikuwa kwenye kwaya, nilikuwa nimekisikia kile kicheko, na nilimwonea baba aibu kiasi cha kutaka jambo lile lipate jina, lolote lile. Nikasema, "Ndiyo. Anakunywa."

Baba alikuwa amekaa mlangoni. Kutoka kwenye mibuni hadi mlangoni ni kama hatua kumi.

Baraza la wazee likamtenga. Jina lake lilisomwa kwenye matangazo ya Jumapili, baada ya zamu ya usafi, na tangu siku hiyo hakuruhusiwa mezani pa Bwana. Kesho yake alikwenda kukamua kwa jirani, akarudi na vikombe viwili, kimoja akanipa. Hakuniuliza kitu, siku ile wala nyingine. Mwaka haukwisha akafa. Kwa utaratibu wa siku zile, aliyetengwa hakuzikwa na kanisa. Kengele haikupigwa, mchungaji hakuja, msalaba haukuwekwa. Tulimzika wenyewe kwenye kibanja, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba. Mdogo wangu Mutalemwa, tumbo moja, alikataa kukaa kwenye benchi moja nami. Naye alikuwa amesikia. "Wewe ndiye uliyemzika," aliniambia, na kwa miaka ishirini na sita hakuniambia neno jingine.

Sasa utaelewa kwa nini karatasi ile ya kituoni ilinilemea kubeba. Mume wangu, Kamugisha, ananunua kahawa vijijini, mtu mpole. Aliisoma, akaikunja, akasema tutakwenda kwingine. Siku mbili baadaye nilirudi mapema kutoka dukani nikamkuta stoo amepiga magoti, mkono wake uko nyuma ya pipa la unga.

"Nilitaka tu kuwa na hakika," alisema.

"Umepata?"

"Sijapata."

"Basi niamini."

Akasema ananiamini, na machozi yakamtoka. Nilimsamehe palepale. Mimi nilitafuta mahali hapohapo nisipate, na bado nikasema ndiyo.

Dukani nina kioo kirefu cha wateja. Kipindi hicho nilikigeuza kikaangalia ukuta. Kila nilipopita mbele yake nilimwona baba: mifupa ya shingo imetokeza, tumbo mbele, macho ya manjano, hata ule mtindo wake wa kusimama amejishika mgongo. Wateja wakalalamika. Nikawaambia kina ufa. Halafu nikaanza kusikia harufu ya ndizi mbivu, tamu tamu, kwenye blauzi ambazo hazijawahi kukaribia ndizi. Nilizifua mara mbili mbili. Nilimuuliza msichana ninayemfundisha kazi kama anasikia harufu yoyote, akasema kwa adabu, "Kidogo, mama," na asubuhi iliyofuata akafungua madirisha yote.

Rehema ya kwanza ilikuja na kambi ya madaktari bingwa, waliofika hospitali ya mkoa kwa siku chache. Daktari niliyepangiwa alikuwa mwanamke mfupi mwenye raba miguuni, na foleni yake ilifika getini. Alisoma karatasi yangu, akaniuliza kama nakunywa. Nikasema sinywi. "Sawa," akasema, akaandika, akaenda swali la mbele. Mimi nilibaki nangoja aulize mara ya pili na ya tatu, nimekwisha kujikunja kwa ndani. Hakuuliza. Nikaanza kulia, naye akanipa karatasi za kufutia jeli nifutie macho.

Alipomaliza kunipima ndipo akasema ini langu limejaa mafuta, nami nikacheka kile kicheko nilichokutajia, machozi hayajakauka. Hakukasirika. Aliniuliza, "Kwenu nani amekufa na tumbo la maji?"

"Baba. Na baba yake mdogo. Na bibi, mzaa baba. Bibi ilisemekana amerogwa."

"Walikuwa wanene?"

"Hakuna mnene kwetu."

"Kipimo chenyewe cha vinasaba hapa hatuna, mama, siwezi kukuapia. Lakini wapo watu wanaozaliwa na ini linaloshika mafuta hata mwili ukiwa mwembamba, na hilo hurithiwa. Ukiongeza vitamu vya kila siku unalichochea. Lako limeshapata makovu. Hayo tutajitahidi yasiendelee." Kisha akaweka kalamu chini. "Baba yako alikuwa anachanganyikiwa? Anatetemeka? Pumzi ina harufu tamu?"

Nikamwambia ndiyo, yote matatu.

"Ni ini hilo. Likichoka sana linafanya hivyo. Watu hudhani ni ulevi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. Mimi nilikuwa natazama raba zake. Nilikuwa namwona baba kwenye ngazi ya madhabahu, kitabu mapajani, anatafuta uso wa mama kwenye safu za mbele. Nikajua pia ile harufu ya blauzi zangu ilitoka wapi.

"Una ndugu wa tumbo moja?"

"Mmoja. Yuko Ngenge."

"Mwembamba?"

"Kama mimi."

"Mlete. Usingoje mpaka tumbo lake litokeze."

Walinitoa maji mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya Krismasi, mwaka mmoja tangu senene wanifukuze nyumbani. Sindano nene ubavuni, mpira, na ndoo chini ya kitanda. Nilisikia maji yakidondoka ndani ya ndoo saa nzima na zaidi, ya rangi ya chai ya rangi isiyokolea, na nesi akabadilisha ndoo bila kunitazama usoni, jambo ambalo nilimshukuru. Mama wa kitanda cha pili, ambaye mwenyewe hakuweza kukaa, alinikata kucha zote kumi ili nisijichubue kwa kujikuna. Sikuwahi kujua jina lake zima. Chumvi ikakatazwa, soda ikakatazwa, omuramba ukakatazwa. Mama mkwe aliposikia alifunika uso kwa khanga. "Nimekuwa nakuua kwa mkono wangu," alisema, na ilinichukua siku kadhaa kumshawishi kwamba hakuna aliyejua. Siku hizi ananiletea kahawa isiyo na sukari, na anakaa mpaka niimalize.

Kati ya kutolewa maji mara ya kwanza na ya pili nilikwenda Ngenge.

Mutalemwa alikuwa shambani anapalilia mahindi. Niliposimama kwenye ukingo wa shamba alinitambua, akaendelea na jembe mpaka mwisho wa mstari. Mimi nilimpima kwa macho, ni mazoea ya kazi. Kiuno inchi ishirini na nane, si zaidi. Lakini pindo la shati lake lilikuwa limepanda mbele kuliko nyuma, kama vidole vitatu. Fundi yeyote atakuambia maana yake.

"Umefuata nini?" aliuliza.

"Naumwa, Muta. Ugonjwa wa baba. Daktari amesema haukuwa pombe."

Nikamweleza yote, nimesimama juani, naye ameegemea mpini.

"Kwa hiyo hakunywa," alisema.

"Hakunywa."

"Mimi nilijua. Nilikwenda naye kwenye mtumbwi tangu nina miaka saba." Akatema mate pembeni. "Nilipokwenda kuposa mara ya kwanza walinikatalia. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema. Nikahama kijijini nikaja huku ambako hawamjui baba. Sasa unataka nikapimwe ini. Faili liandikwe ini. Watu wa kwetu wako mpaka hospitali, dada. Watasema mtoto wa mlevi naye amefika."

Aliniita dada. Hilo nililisikia kuliko yote, na nikajua si msamaha, ni ulimi tu umezoea.

"Waache waseme," nilisema.

"Aliyesema ni wewe. Kalifute neno lako, ndipo uje na habari za hospitali."

"Nilimwambia Mzee Ishengoma peke yake, kwenye mibuni."

"Lilisomwa kanisani. Kalifutie kanisani."

Akarudi kwenye jembe. Nilipofika barabarani niligeuka, nikaona jinsi alivyojishika mgongo akipumzika, na nilikuwa namtazama baba.

Mchungaji wa sasa ni kijana mstaarabu. Alinisikiliza, akafungua kitabu cha taratibu, akakifunga. Aliyekufa akiwa ametengwa hana namna ya kurudishwa kundini, alisema, maana kurudi ni lazima mwenyewe asimame. Nikamuuliza kama aliyesababisha atengwe kwa uongo ana namna. Akafikiri. Kwetu mtu aliyepona huleta shukrani: anasimama mbele baada ya matangazo, anasema Mungu amemtendea nini, anatoa alichonacho, mkungu au kuku, na baada ya ibada kinanadiwa nje. "Shukrani yako siwezi kukukatalia," mchungaji alisema. "Wala sitakuuliza utasema nini."

Ilibidi ningoje nitolewe maji mara ya pili, wakati wa masika. Nilikaa wodini nasikiliza mvua kwenye bati na ndoo chini yangu, na nilichoogopa si kufa. Niliogopa kufa kabla ya Jumapili ile, niende aliko baba nikiwa sijafuta, anipokee na kikombe mkononi bila kuniuliza kitu.

Kiuno kiliporudi inchi ishirini na saba, nilikwenda Muleba na Kamugisha. Kwenye kibanja cha nyumbani nilikata mkungu kutoka kwenye mgomba uliosimama karibu kabisa na kaburi. Kamugisha akaubeba hadi kanisani. Nilivaa gauni la zamani, lile la inchi ishirini na tano, nimelipanua kwa kipande cha kitambaa cha rangi nyingine ambacho sikujali kukificha. Nikasimama mahali baba aliposimama akasoma.

"Mimi ni Kemilembe, binti wa marehemu Kaijage, mkamua ndizi," nilisema. "Nimekuja kushukuru, maana nilikuwa karibu kufa. Pia nina tangazo. Baba yangu alitengwa hapa kwa sababu ya ushahidi wangu. Niliulizwa kama anakunywa, nikasema ndiyo. Sikuwahi kumwona akinywa. Alikuwa mgonjwa, ugonjwa huu nilionao, na mimi nilisema uongo kwa kuona haya. Baba yangu aliishia kwenye mtama."

Kisha fimbo ikagonga sakafu kwenye safu ya mbele. Mzee Ishengoma, ambaye siku hizi anaongozwa na mjukuu kuja kanisani, alikuwa anajaribu kusimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Nilimuuliza mtoto habari za mzazi wake," alisema. "Nikaona nimechunguza. Waitu, ndugu zangu, mnisamehe." Akakaa.

Nje, mnada ulipofika kwenye mkungu wangu, kila mtu aliyetaja bei Mzee Ishengoma alimpita, mpaka wakamwachia. Hakuupeleka kwake. Alimwita mwendesha bodaboda akamwambia aufunge vizuri aupeleke Ngenge kwa Mutalemwa, amwambie umetoka kwa baba yake, na amweleze mambo yote yaliyosemwa kanisani bila kupunguza.

Nikuondolee wasiwasi mapema: Mutalemwa yu hai, na amewahiwa. Ini lake lina mafuta kama langu, ila makovu bado ni kidogo. Ameacha vitamu, anarudi kupimwa, ananung'unika njia nzima. Mimi nimeambiwa langu halitarudi kuwa jipya, ila linaweza kukaa hivi miaka mingi nikilitunza. Binti yangu Neema, mwembamba kama sindano, amepimwa pia. Kama kwenu kuna makaburi ya watu wembamba waliokufa na tumbo, yahesabu, uyapeleke kwa daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwetu tuliyaficha ndani ya neno moja la aibu.

Siku ninayotaka kumalizia nayo ni kabla ya majibu hayo. Ilikuwa Alhamisi, siku yangu ya kliniki. Nilipoingia kwenye korido nilimkuta Mutalemwa kwenye benchi, ameshafika, kofia magotini, shati limepanda mbele. Watu walikuwa wamejaa kila upande, na kwa jinsi tulivyo, watatu kati yao walikuwa wa Muleba. Sikuthubutu kukaa. Nilisimama mbele yake.

"Ndizi nimekula," alisema.

Kabla sijajibu nesi akatoka na faili mkononi, akaita jina lake, akamuuliza palepale, maana chumba kilikuwa na mtu: umri, kazi, dawa anazotumia.

"Pombe?"

"Sinywi."

Nesi akamtazama macho, akamtazama tumbo. Akaishusha miwani. "Hata kidogo, baba?" Kisha akanigeukia mimi niliyesimama. "Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Basi tusaidie, mama. Anakunywa?"

Benchi zima likageuka kusikiliza. Mutalemwa hakunitazama. Alikuwa ameangalia kofia yake, na mikono imetulia, kama mtu anayengoja jina lake lisomwe.

"Hanywi," nilisema, kwa sauti ya kanisani, ili na wa Muleba wasikie. "Na baba yetu hakunywa."

Nesi akaandika. Nilisoma kichwa chini: hanywi.

Mutalemwa akasogea upande wa ukutani, nami nikakaa.